Mikono Haijarudi

Baiskeli yangu ina pedali mbili, na zote mbili ziko mbele ya kifua changu. Nazizungusha kwa mikono. Cheni inashuka hadi gurudumu la mbele, na magurudumu mawili ya nyuma yanabeba kiti, mimi mwenyewe, mkoba wa vitabu na mara nyingi mtungi wa maji. Fundi aliyeiunda ana banda karibu na soko la Kibuye. Alitumia mabomba ya chuma kinene, kwa hiyo ni imara, na kwa hiyo pia ni nzito. Hii ni ya tatu tangu nilipokuwa kidato cha kwanza. Kabla ya hapo nilibebwa mgongoni, kwa sababu polio ilinikuta nikiwa na miaka mitatu na miguu yangu haikusimama tena.

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kisumu. Kila mwaka naandika ubaoni jinsi chembe ya mwili inavyotumia oksijeni, wanafunzi wananakili, kengele inalia, nafuta ubao. Ilinibidi nipande hadi Timboroa, kule nyanda za juu, ndipo nielewe kwamba somo lile lilikuwa linayasema mabega yangu.

Asiyewahi kuendesha baiskeli ya namna hii hudhani ni safari ya polepole, mwendo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Ni mbio fupi fupi zinazofuatana. Unapoanza ukiwa umesimama kabisa, uzito wote unaangukia mikono: unazungusha kwa nguvu zako zote sekunde tano, sita, mpaka gurudumu lishike mwendo. Kisha unalegeza. Tuktuk inakukata njia, unashika breki, na mwendo wote ulioununua kwa mabega umepotea. Unaanza upya. Ukifika kwenye tuta la barabarani ni mkupuo. Kuvuka pale Kondele ni mkupuo mwingine, maana matatu haitakungoja. Kwenye lango la shule kuna mwinuko mfupi wa saruji ambao mwenye miguu hauoni kabisa, na mimi nauhesabu kila asubuhi. Kati ya mkupuo na mkupuo kuna pumziko la sekunde kumi, ishirini, labda nusu dakika taa zikiwa nyekundu. Siku yangu nzima imejengwa hivyo.

Desemba iliyopita nilikwenda kumtembelea dada yangu mkubwa, aliyeolewa Timboroa. Makanga aliifunga baiskeli juu ya keria, tukapita Ahero, tukapanda Kericho, Londiani, Mau Summit, na kila tulipopanda vioo vya gari vilizidi kuwa baridi. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Timboroa, pale reli ya zamani inapofika karibu na kilele chake, ni kama mita 2,740. Kwa hiyo ndani ya siku moja nilikuwa nimeinuliwa mita 1,600 hivi nikiwa nimeketi, nikila mahindi ya kuchoma.

Kutoka lami hadi kwa dada ni njia ya murram yenye makorongo madogo ya mvua. Huwezi kuipita kwa mwendo mmoja. Unakwenda mkupuo hadi dukani, unapumzika, mkupuo hadi kwenye msaipresi, unapumzika, na kuendelea hivyo hadi langoni. Mkupuo wa kwanza ulikwenda vizuri kabisa, kama vile niko nyumbani. Wa pili pia. Nikajisemea kwamba hii habari ya hewa ya juu ni maneno ya wakimbiaji. Wa nne ulikuwa mzito. Wa sita nilishika pedali, nikavuta, na mikono ikanipa nusu ya nilichoomba. Haikuwa na maumivu. Ilikuwa kama mtu uliyemtuma dukani na bado hajarudi.

Mpwa wangu alikuwa anatembea kando yangu na mfuko wa samaki niliowaletea.

"Mjomba, nikusukume?"

"Ngoja kidogo."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Mikono haijarudi."

Alicheka kidogo, kisha akaona sifanyi mzaha, akasimama nyuma ya kiti bila kukigusa. Kijana yule ana adabu. Anajua kwamba kusukumwa bila ruhusa ni sawa na kubebwa bila ruhusa.

Usiku ule, nikiwa nimejifunika blanketi mbili, nilianza kuwaza kama mwalimu. Kilichonishangaza hakikuwa kuchoka. Nilikuwa nimesafiri tangu alfajiri, kulikuwa na baridi, na njia ilikuwa mbaya. Mtu yeyote angechoka. Kilichonishangaza ni mpangilio wa uchovu wenyewe. Nguvu ya kwanza ilikuwepo yote. Pumziko ndilo halikufanya kazi yake.

Kesho yake tuliomba ruhusa kutumia uwanja wa shule ya msingi iliyo jirani, ambao kipande chake kimoja ni tambarare. Mpwa alishika simu yenye saa. Sekunde kumi za kuzungusha kwa nguvu zote, sekunde ishirini za kutulia, tena na tena, naye akihesabu mizunguko ya pedali kwa sauti. Tuliandika kila hesabu kwenye daftari lake la jiografia. Januari nilirudia zoezi lile lile Kisumu, upepo wa tairi ule ule, saa ile ile ya asubuhi. Mikupuo mitatu ya mwanzo ililingana, huku na kule. Kuanzia wa sita hesabu zikaachana, na za Timboroa zikaendelea kuporomoka mpaka nikashindwa kuendelea. Najua kwamba mtu mmoja na daftari la jiografia si utafiti. Lakini daftari lile ndilo lililonifanya nitafute waliofanya utafiti wenyewe.

Nianze na hewa, maana hapa watu wengi huteleza, na wanafunzi wangu huteleza kila mwaka. Hewa ya Timboroa haina upungufu wa oksijeni kwa maana ya mgawo wake. Ukichota hewa Mombasa, Kisumu, Timboroa au kileleni Elgon, karibu asilimia 21 ni oksijeni. Kinachopungua ni msukumo. Hewa ina uzito, na ukipanda, sehemu ya hewa iliyokuwa juu ya kichwa chako inabaki chini yako, kwa hiyo ile inayokukandamiza inapungua. Ukiuita msukumo wa Mombasa 100, Kisumu unabaki na 87 hivi, na Timboroa 72 hivi. Kwa mapafu, kupumua Timboroa ni kama kukaa pwani ukapewa hewa yenye oksijeni asilimia 15 tu. Na oksijeni haiingii kwenye damu kwa kuombwa, inaingia kwa kusukumwa.

Sasa msuli. Ndani yake kuna akiba ya nguvu iliyo tayari kutumika, ile tunayoiita ATP, na ni ndogo mno: kwa kazi ya nguvu zote, peke yake ingekwisha baada ya sekunde mbili au tatu. Kinachoiokoa ni akiba ya pili, fosfokreatini, inayoirudishia ATP nguvu papo hapo bila kusubiri oksijeni yoyote. Akiba ya tatu ni sukari inayovunjwa haraka haraka, nayo pia bila oksijeni. Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza waliwaendesha watu baiskeli mikupuo kumi ya sekunde sita, wakipumzika nusu dakika katikati, na kuchukua vipande vidogo vya misuli yao. Katika mkupuo wa kwanza kama nusu ya nguvu isiyotegemea oksijeni ilitoka kwenye fosfokreatini, na asilimia 44 kwenye sukari. Kufika mkupuo wa kumi mchango wa sukari ulikuwa umeshuka hadi asilimia 16. Mwili uliwategemea wawili waliobaki: fosfokreatini, na oksijeni.

Hapo ndipo nilipoielewa njia ya kwa dada. Hapa kwetu mtaani maji ya bomba hayatoki kila saa, kwa hiyo kila nyumba ina mtungi. Kuchota kutoka mtungini hakutegemei presha ya bomba hata kidogo. Hata bomba likiwa limekauka, kikombe cha kwanza utakipata, na cha pili. Kujaza mtungi ndiko kunakotegemea presha. Fosfokreatini ni mtungi huo. Mkupuo mmoja unachota. Pumziko linajaza, na kujaza kunafanywa na mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya chembe, kwa kutumia oksijeni. Katika hali ya kawaida kama nusu ya kilichotumika hurudi ndani ya nusu dakika hivi, na kilichobaki huchukua dakika kadhaa. Mwaka 1999 Luke Haseler na wenzake waliangalia jambo hili kwa mashine ya sumaku, ndani ya kigimbi cha mguu wa mtu aliye hai. Walipompa hewa yenye oksijeni asilimia 10, fosfokreatini ilirudi polepole zaidi. Walipompa oksijeni tupu, ilirudi haraka kuliko kawaida. Msuli ule ule, mtu yule yule. Kilichobadilika ni presha ya bomba.

Kwa hiyo hewa nyembamba haikuniibia mbio. Iliniibia pumziko.

Jambo hili Wakenya wengi wamelishuhudia bila kulitaja. Mwaka 1968 Olimpiki ilifanyika Mexico City, mita 2,240 juu. Jim Hines alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.95. Lee Evans alikimbia mita 400 kwa sekunde 43.86. Bob Beamon aliruka mita 8.90. Mwinuko haukuwazuia, kwa sababu mkupuo mmoja unatumia kilichomo mtungini; wepesi wa hewa hata uliwasaidia. Kwenye mbio ndefu watu wa nyanda za chini waliteseka, na wetu wakang'ara: Naftali Temu mita 10,000, Kipchoge Keino mita 1,500, Amos Biwott kuruka viunzi na maji. Tunaisimulia hadithi hiyo kama hadithi ya miguu na mapafu. Mimi naipenda, nimeisimulia darasani mara nyingi. Lakini kati ya mkupuo mmoja na mbio ndefu kuna namna ya tatu ya kazi, mkupuo unaorudiwa, na kazi hiyo ndiyo ya watu wengi zaidi: bondia anayetupa ngumi nne, anarudi nyuma, anatupa tena, mvuvi wa Dunga anayepiga makasia kuingia kwenye upepo, kijana wa mkokoteni, mama anayetwanga, mimi.

Na karibu wote hao wanatumia mikono.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vitabu vyetu vya shule hunyamaza. Mkono si mguu mdogo. Misuli ya nyuma ya mkono, ile inayonyoosha kiwiko, kwa kawaida ina nyuzi nyingi za kasi, zile zinazovuta kwa nguvu na kuchoka upesi. Nyuzi za kasi zina mitokondria chache, na kapilari chache, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, zinazozizunguka. Zinapenda mtungi kuliko bomba. Mtu asiyefanya mazoezi, ukimpa pedali za mkono badala ya za mguu, kiwango cha juu cha oksijeni anachoweza kutumia ni kama asilimia 70 tu ya kile cha miguu yake.

Mwaka 2005 José Calbet na wenzake waliuliza swali ambalo ningependa kila mwanafunzi aliulize: kwa nini mikono inatoa oksijeni kidogo kwenye damu kuliko miguu? Waliwachukua watelezaji wa theluji wa kiwango cha juu kabisa, wale wanaojisukuma kwa fimbo kilomita nyingi, watu ambao mikono yao imefunzwa kuliko ya karibu mtu yeyote duniani, wakawaingizia mirija midogo kwenye mishipa ya mikono na ya miguu. Hata kwa hao, damu iliyotoka mkononi ilirudi bado imebeba oksijeni ambayo mguu ungeichukua. Sababu walizozieleza ni za umbo na mwendo: damu hupita mkononi kwa haraka zaidi, eneo la oksijeni kuvukia ni dogo, na umbali kutoka kwenye kapilari hadi ndani ya uzi wa msuli ni mrefu zaidi. Oksijeni inapita mlangoni na haina muda wa kuingia.

Fikiria sasa umepunguza msukumo. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa mtu aliyeketi Timboroa bado imejaa zaidi ya asilimia 90, ndiyo maana nilipokuwa nakunywa chai kwa dada sikuhisi lolote. Lakini oksijeni inayotoka kwenye kapilari kuingia kwenye msuli inasukumwa na tofauti ya msukumo kati ya huku na kule. Mguu wenye kapilari tele na umbali mfupi unaweza kuvumilia upungufu. Mkono, ambao tangu mwanzo ulikuwa unapata kwa taabu, unapata kwa taabu zaidi.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mwili wangu ulikuwa unayajua kabla yangu. La kwanza ni kushika. Ninapozungusha pedali kwa nguvu zote nimezikamata kama mtu anayening'inia mtini. Msuli uliokazwa unaibana mishipa ya damu iliyo ndani yake; damu huingia kwa wingi unapolegea. Mtu wa kukanyaga analegeza mguu mmoja kila mzunguko. Mimi nisipojikumbusha, vidole na kigasha vimekazwa mkupuo mzima, na mara nyingi hata katika pumziko, kwa hofu kwamba baiskeli itarudi nyuma. La pili ni kifua. Misuli ya kifua na mabega inasaidia kupumua kazi inapokuwa kali. Anayetumia miguu anaikopesha mapafu yake yote. Kwangu misuli hiyo hiyo iko kazini kwenye pedali, kwa hiyo pumzi na mkupuo vinagombania kifua kimoja. Nilipofika langoni kwa dada nilikuwa napumua juu juu, mabega yakiwa yamepanda hadi masikioni, na shemeji akadhani nina pumu.

Na uchovu wenyewe, ule wa mkono kukupa nusu, ni nini hasa? Tumezoea kusema ni asidi. Nilifundishwa hivyo, nami nikafundisha hivyo miaka kadhaa, na nasikitika kwa hilo. Fosfokreatini inapovunjwa inaacha fosfeti, na fosfeti ikijaa ndani ya uzi wa msuli inazuia nyuzinyuzi zisishikane vizuri na inavuruga kalsiamu inayoamrisha msuli ukaze. Fosfeti hiyo inaondoka pale fosfokreatini inapojengwa upya, yaani katika pumziko, kwa oksijeni. Pumziko likiwa na presha ndogo, unaanza mkupuo unaofuata na mtungi usiojaa na uchafu usiosombwa. Mkupuo kwa mkupuo deni linapanda.

Nimefika sasa kwenye sehemu iliyonifanya niache usingizi. Katika Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, Raphael Faiss, Grégoire Millet na wenzao walijiuliza kama hali hii inayouma inaweza kuwa dawa. Mwaka 2013 walitoa matokeo ya waendesha baiskeli waliofanya mikupuo ya sekunde kumi na mapumziko ya sekunde ishirini kwa wiki nne, vikao vinane. Kundi moja lilipumua hewa ya kawaida, jingine hewa iliyopunguzwa oksijeni hadi kufanana na mita 3,000. Baadaye wote walijaribiwa kwenye hewa ya kawaida, mikupuo mpaka kushindwa. Waliofunzwa kwenye hewa nyembamba walitoka mikupuo 9 hivi hadi 13. Wengine walibaki palepale. Niliposoma "sekunde kumi, pumziko sekunde ishirini" nilimpigia mpwa simu saa tatu usiku.

Lakini hiyo ilikuwa miguu. Mwaka 2015 walirudia kwa mikono: watelezaji wa theluji 17, wakijisukuma kwa fimbo mbili kwa pamoja, vikao sita tu ndani ya wiki mbili, tena kwa hewa kama ya mita 3,000. Waliofunzwa kwenye hewa nyembamba walitoka mikupuo 11 hivi hadi 17. Waliobaki kwenye hewa ya kawaida, 11 na kitu kabla, 11 na kitu baada. Watafiti waliwabandika kifaa cha mwanga wa infraredi juu ya msuli wa nyuma ya mkono. Mwanga huo unapita ngozi na kusoma jinsi damu ilivyo na oksijeni mle ndani, kwa kuwa himoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hunyonya mwanga kwa namna tofauti. Baada ya mafunzo, damu ya waliokuwa kwenye hewa nyembamba ilikuwa inapanda na kushuka kwa nguvu zaidi kati ya mkupuo na pumziko. Mishipa ilikuwa imejifunza kufunguka. Maelezo yanayotolewa ni kwamba oksijeni ikipungua wakati wa kazi kali, mishipa midogo hutanuka ili kufidia, na nyuzi za kasi, zile zenye njaa ya oksijeni, ndizo zinazofaidi zaidi damu hiyo inapokuja.

Mita 3,000! Dada yangu amejenga nyumba karibu na hapo, anapanda viazi na kufuga kondoo. Kule Ulaya wanatumia mashine kuchuja oksijeni kwenye hewa ya chumba. Sisi tuna milima ambayo dunia nzima inakuja kuikodi kwa ajili ya miguu. Niliwahi kufika kwenye kambi moja ya mazoezi ya nyanda za juu, nikitaka tu kuuliza kama wanawapokea wanaokimbia kwa viti vya magurudumu. Langoni kulikuwa na ngazi tano. Niliuliza nikiwa chini ya ngazi, nikajibiwa kutoka juu ya ngazi. Jibu sikulisahau, lakini ninachokikumbuka zaidi ni zile ngazi.

Kuna tahadhari, na kwa sisi wa kando ya ziwa si ndogo. Mwaka juzi niliugua malaria kali. Nilipopona nilirudi shuleni, na mwinuko wa saruji wa langoni ukanishinda. Mkupuo wa kwanza sawa, wa pili hakuna. Hali ile ile ya Timboroa, nami niko Kisumu. Malaria ilikuwa imeharibu chembe nyekundu zangu nyingi. Hewa ilikuwa na msukumo wake wa kila siku, ila magari ya kubeba oksijeni yalikuwa machache. Misuli haijui kama tatizo ni mlima au ni mbu. Inajua tu kwamba mtungi haujajaa. Ilichukua wiki kadhaa, na mboga nyingi za mama, hadi mikono irudi. Kwa hiyo kijana aliyetoka kuugua akisema mikono imekufa, tusimwite mvivu. Apimwe damu.

La pili ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Katika ukanda huu wa ziwa watu wengi wamebeba jeni hiyo, kwa sababu aliyerithi nakala moja tu hulindwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Mwenye nakala mbili ana ugonjwa wenyewe, na kwake oksijeni ndogo ni hatari ya moja kwa moja: himoglobini yake inashikana na chembe zinakunjana. Mwenye nakala moja kwa kawaida anaishi bila tatizo, lakini mikupuo mikali inayorudiwa bila pumziko la kutosha, pamoja na joto, kiu au mwinuko mkubwa, imewahi kuwaangusha wanamichezo wenye nakala moja. Mwanafunzi wangu mmoja anayepiga ngumi aliniomba nimpeleke Timboroa likizo. Nilimwambia kwanza akapimwe, na nikaongea na mama yake.

Niliporudi kwa dada wakati wa Pasaka nilikaa siku tisa. Hazikutosha damu kutengeneza chembe mpya za maana; hilo huchukua wiki kadhaa, kupitia mfumo wa chembe kutambua oksijeni uliowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobel mwaka 2019. Sikuwa nakimbilia huko. Nilibadilisha pumziko. Niliweka kipande cha mpira wa tairi kwenye breki ili iweze kukaa imeshikwa yenyewe, nikaweza kuachia pedali kabisa na kuning'iniza mikono kando ya kiti, vidole wazi. Nilishusha mabega. Nilitoa pumzi ndefu kabla ya kuvuta nyingine. Na pale ambapo Kisumu ningepumzika sekunde ishirini, nilijipa arobaini bila kuona haya, hata mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe wake aliposimama kuniuliza kama cheni imekatika.

"Cheni ni nzima, mzee. Nangoja mikono."

"Haya, ngoja," akasema, akaegemea fimbo yake, tukangoja pamoja.

Siku ya saba tulirudi uwanjani na daftari. Mpwa alisimama na simu, sekunde kumi, sekunde ishirini, akihesabu kwa sauti ile ile ya kiranja. Wa tano. Wa sita. Wa saba pedali zilianza kuwa nzito na nikadhani ndiyo mwisho. Wa nane nilivuta kwa mabega yote mawili na nikasikia anahesabu haraka kuliko nilivyotarajia. Aliponiambia niache, alikuwa amejaza mstari mzima wa ukurasa na kuingia wa pili. Nilikuwa nimeinamia pedali, siwezi kusema.

"Mjomba, nikusukume?"

Nilitikisa kichwa. Alikaa kwenye nyasi kando ya gurudumu, daftari gotini, akawasha saa ya simu kuona itachukua muda gani.